Karakana Moja, Kompyuta Mbili

Katika familia ile ukisema "wifi" ilibidi ufafanue: yule wa hewani au yule wa ukoo. Wa hewani alikatikakatika kutwa. Wa ukoo hakukatika hata kidogo. Akianza jambo lake alilisema mpaka mwisho, na tangu agombane na kaka yake alikuwa na mengi ya kusema, ila hakuna hata moja alilomwambia kaka mtu mwenyewe. Yote aliyapeleka ghorofani kwa mke wa kaka yake.

Mke huyo walimwita Bi Vitufe. Jina alilipata kwa marehemu baba mkwe, siku alipomwonyesha programu ya kwanza aliyoitengeneza baada ya kuolewa. Mzee aliitazama skrini iliyojaa vitufe, Hifadhi, Tafuta, Futa, Chapisha, akauliza kama hakuna kitufe cha kumfanya mtu afike kwa wakati aliopangiwa. Tangu hapo hata waliokuwa hawamjui walimjua kwa jina hilo.

Alikuwa akitengeneza programu za kompyuta za mezani, kwa ajili ya maduka ya dawa, maktaba za shule na ofisi za mawakili. Njia aliyoitumia ilikuwa ile ya kuifungua fomu tupu kwenye skrini, kukiburuta kisanduku kwa kipanya na kukiweka unapotaka, kukipachika kitufe chini yake, halafu kuandika nyuma ya kitufe kile kifanye nini kikibonyezwa. Waliomwona kazini walidhani anachora, naye hakuwakatalia. Lakini kazi yenyewe haikuwa ile inayoonekana. Kazi ilikuwa kuiunganisha fomu ile nzuri na mahali taarifa zinapokaa, ili mtu akiandika hapa, kile alichoandika kikae, na mwingine akikitafuta akikute.

Chini ya ghorofa waliyoishi ndiko kulikokuwa na karakana ya familia. Ilitengeneza miguu bandia na viatu vya watu wenye miguu isiyolingana. Ilikuwa na vyumba viwili na ujia mwembamba kati yake. Cha mbele kilikuwa cha wifi mtu, ambaye alikuwa mpimaji: mlikuwa na kioo cha kujitazama mwili mzima, kiti kirefu, na vyuma viwili sambamba vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea. Cha nyuma kilikuwa cha kaka yake, ambaye kila mtu, hata mkewe, alimwita Fundi. Huko kulikuwa na plasta, harufu ya gundi, rafu za miguu, mingine imeshavishwa viatu na mingine bado, na mashine ya mkanda wa msasa ambayo ikiwashwa hata vikombe vya ghorofani vilitetemeka.

Ugomvi wao ulianzia kwa kinyozi mmoja.

Kinyozi huyo alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Kigutu cha mtu aliyekatwa karibuni hakitulii. Uvimbe ukipungua nacho hunywea, kwa hiyo hupimwa tena. Mpimaji alimpima mara ya pili akaandika kipimo kipya kwenye kompyuta yake. Fundi akautengeneza mguu kwa kipimo cha kwanza, kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye kompyuta ya nyuma. Kinyozi, mtu ambaye riziki yake ni kusimama, akauvaa mguu unaopwaya. Ukamsugua mpaka ukamtia kidonda, akarudi kwenye magongo. Hakufoka. Aliuweka ule mguu juu ya meza ya mbele, akasema wakiwa tayari wamwite, akajikongoja kwenda zake.

"Nilimwambia kipimo kimebadilika," alisema Mpimaji.

"Hakuniambia," alisema Fundi.

Na hapo ndipo walipoacha kusemezana. Kazi ilikwenda kwa vikaratasi vilivyobandikwa mlangoni, na kwa "mwambie" zilizopitia kwa Bi Vitufe. Yeye aliwaeleza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba kosa lilikuwa la programu. Aliitengeneza hivyo tangu mwanzo: kila kompyuta na taarifa zake, na Ijumaa mtu anazibeba kwa flashi kutoka chumba hiki kwenda kile. Mzee hakutaka waya upite ujiani, asije mgonjwa akajikwaa. Maelezo hayo hayakumnogea mtu. Kila mmoja alitaka kosa liwe la mwenzake.

Halafu, ndani ya juma moja, wote wawili wakamjia na ombi.

"Nitengenezee kitu," alisema Fundi, huku akikung'uta plasta mikononi, "ambacho mtu hawezi kudai aliniambia wakati hakuniambia."

Mpimaji yeye alikuja na nusu ya ombi akiwa bado ngazini. "Wifi, nataka nikiandika mbele, kiandikike nyuma. Atake asitake. Huyo mtu wako ameweka pamba masikioni."

Bi Vitufe aliona wanaomba kitu kilekile, akaanza kazi.

Alichukua kompyuta ya marehemu mzee, iliyokuwa imefunikwa kitambaa tangu msiba, akaifuta vumbi na kuifanya seva, yaani kompyuta moja ya kutunza taarifa za zote mbili. Aliiweka kwenye kabati chini ya ngazi, katikati ya ujia, asipatikane wa kusema imewekwa kwa mwenzake. Nyaya alizipitisha juu, pembeni ya dari. Ndani ya kompyuta hiyo akajenga hifadhidata moja: jedwali la wagonjwa, jedwali la vipimo, jedwali la kazi zinazoendelea. Kisha akarudi kwenye fomu zake za zamani. Kwa macho hazikubadilika, vitufe vilevile, rangi ileile. Kilichobadilika ni mstari mmoja usioonekana na mtumiaji. Zamani ulisema, taarifa ziko humuhumu. Sasa ulisema, nenda kwenye seva ya chini ya ngazi, taja jina lako na nenosiri lako, uliza huko.

Siku ya kujaribu kila mmoja alisimama kwenye mlango wa chumba chake, wanatazama ujiani lakini si usoni. Kompyuta ya mbele iliunganika mara moja. Ya nyuma ikatoa maandishi mekundu: Seva haikupatikana.

"Nilijua tu," alisema Fundi. "Hata kompyuta ina upendeleo."

Bi Vitufe alikagua jina la seva, likawa sawa. Akakagua waya, nao ulikuwa sawa. Mwishowe akagundua kwamba programu ya ulinzi ya kompyuta ile ya nyuma ilikuwa inazuia kila kinachotaka kutoka kwenda nje, akairuhusu. Akarudi mbele, akajaza mgonjwa wa uongo, jina Jaribio, idadi ya miguu mitatu, akabonyeza Hifadhi.

Halafu sauti ya Fundi ikasikika kutoka nyuma:

"Huyu mwenye miguu mitatu ni wa nani?"

Mpimaji alijikaza asicheke. Akajifanya anapanga futi zake.

Sehemu ya kuunganisha ikaisha, ikabaki ya kuhamisha taarifa za zamani, na hapo ndipo Bi Vitufe alipokwama. Zile zilizofanana pande zote mbili zilihamia bila shida. Lakini kulikuwa na wagonjwa wengi ambao mbele walikuwa na kipimo kimoja na nyuma kingine. Kompyuta haiwezi kujua kipi ni cha kweli, na yeye hakuwa mtu wa miguu. Alitengeneza fomu ndogo yenye safu mbili, moja imeandikwa Mbele na nyingine Nyuma, na kitufe chini ya kila moja. Mtu achague.

Kwanza alijaribu kuwa mjumbe. Alitembea ujiani na karatasi, anamuuliza huyu, anamrudia yule. Mpimaji alijibu kwa hotuba. Fundi ndiye aliyemchosha. Alimuuliza akiwa amesimama kando ya meza ya kazi, Fundi akaendelea kupaka gundi. Akamuuliza tena, akajibiwa jambo jingine kabisa, habari ya ngozi iliyochelewa kuletwa. Bi Vitufe aliumia, lakini hakuwa mgeni wa maumivu hayo. Hata nyumbani ndivyo ilivyokuwa. Angeweza kusimulia kisa kizima mezani, mumewe akala mpaka akamaliza, akanyanyuka, asitie neno. Mwanzoni alidhani ni majonzi ya kufiwa na baba. Baadaye akaona labda ndoa zote huishia hapo. Naye akapunguza maneno.

Jumamosi moja, karakana ikiwa imefungwa kwa wagonjwa, akaweka viti vitatu mbele ya kompyuta moja.

"Fomu hii inafanya kazi hapa tu," alisema. Haikuwa kweli sana. "Mje tumalize. Mimi si posta."

Walikuja. Yeye alikaa katikati na kipanya, Mpimaji kushoto kwake, Fundi kulia. Kazi ikaenda kwa mtindo wao.

"Mwambie huyu mama alirudi mwezi uliopita," alisema Mpimaji. "Kipimo cha mbele ndicho."

Bi Vitufe alimgeukia mumewe. "Anasema cha mbele."

"Sawa."

"Mwambie huyu mvulana amerefuka."

"Anasema mvulana amerefuka."

"Mguu wake mwingine nimeuona mwenyewe," alisema Fundi. "Mwambie ni kweli."

Wakaenda hivyo hadi viti vikaanza kuuma. Halafu likatokea jina la kinyozi.

Hakuna aliyebonyeza kitu. Namba mbili zilikaa pale, ya Mbele ndogo kuliko ya Nyuma. Mpimaji aliongea taratibu, kwa sauti ya mtu aliyejichunga asigombane.

"Mwambie nilimfuata mpaka mlangoni pake. Nikamwambia, kaka, yule kinyozi amepungua, tumia kipimo kipya. Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona kwa macho yangu."

Bi Vitufe alimtazama mumewe. Fundi alikuwa anasoma skrini.

"Umesikia?"

"Nini?"

Mpimaji alisimama. "Si nilisema pamba," alinong'ona, akaenda kwenye kabati lililokuwa upande wa pili, kulia kwa Fundi, kutafuta umbo la plasta la mguu wa kinyozi. Akawa analipekua kabati huku akijisemea chini chini, si kwa mtu yeyote: "Mtu amenywea upana wa kidole, mwingine anatengeneza vilevile."

"Upana wa kidole?" alisema Fundi. "Haiwezekani. Ulipima kwa futi au kwa kalipa?"

"Kwa vyote viwili," alijibu Mpimaji, na kisha akanyamaza, kwa sababu ndiyo kwanza walikuwa wamesemezana.

Lakini hakunyamazia hilo tu. Bi Vitufe alimwona wifi yake akimtazama kaka yake kwa jicho alilolijua, jicho la kazini, la kumtazama mtu akitembea kati ya vile vyuma na kuona kilichopinda kabla mwenyewe hajakitaja. Mpimaji aliliacha kabati. Alizunguka nyuma ya viti polepole, akasimama upande wa kushoto wa Fundi, akasema kwa sauti ileile ya chini:

"Kaka, mchwa wameingia kwenye rafu yako ya mbao."

Fundi aliendelea kutazama skrini.

Mpimaji alizunguka tena, akasimama kulia. "Kaka, mchwa wameingia kwenye rafu yako ya mbao."

"Wapi?" Fundi aliruka kitini. "Rafu ipi?"

Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na akaelewa walichokuwa wamekiona. Alikaa tena. Alijipangusa magoti ingawa hayakuwa na kitu.

"Sikio la kushoto lilishakwenda," alisema. "La kulia bado lipolipo."

"Tangu lini?" aliuliza Mpimaji.

"Lilianza Baba akiwa hai. Ile mashine. Baba naye mwishoni alikuwa hasikii vizuri, hamkumbuki? Tukasema ni uzee."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Watu wanaleta miguu yao kwangu. Nianze kuwaambia fundi mwenyewe amepungukiwa?" Alikohoa kidogo. "Siku ile ya kinyozi, ulipokuja mlangoni, mashine ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Basi nilikuitikia. Mtu akija mlangoni mashine ikiwa inawaka huwa naitikia tu. Wengi wanachotaka ni kuitikiwa."

Mpimaji alirudi kitini kwake. Akasema, bila "mwambie", kwamba na yeye angeweza kuizima mashine, au kuzunguka akasimama mbele yake. Alikuwa na haraka siku ile. Aliona kichwa kimetikisika akajiridhisha.

Bi Vitufe bado alikuwa ameshika kipanya. Kwanza alishikwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki: mtu amemwacha akiumia kwa miaka akidhani hapendwi, kumbe ni sikio. Visa vyote vile vya mezani. Maswali yote aliyoyarudia mpaka akachoka kuyarudia. Alitaka kusema kitu kikali, akamtazama mumewe aliyekuwa ameketi na mikono mapajani kama mtu anayengoja kupimwa, akaona kile kitu kikali kinaweza kungoja. Alibonyeza kitufe kilicho chini ya neno Mbele. Kinyozi akahamia kwenye hifadhidata mpya na kipimo chake cha kweli.

"Anayefuata," alisema.

Waliendelea mpaka alasiri, na safari hii walibishana wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti, kuhusu visigino na nyonga, hadi Bi Vitufe akatamani zile "mwambie" zirudi.

Kabla ya kuwakabidhi programu aliongeza jambo moja. Kipimo kikibadilishwa mbele, mstari wa njano ulitokea juu ya skrini ya nyuma ukiwa na jina la mgonjwa, kipimo cha zamani na kipya, na haukuondoka mpaka Fundi abonyeze Nimeona. Alipotaka kuutia na mlio, Fundi alimwangalia tu, na wazo la mlio likaishia hapo.

Juma la kwanza halikukosa vituko. Mara nyingi walijikuta wote wameshika taarifa za mgonjwa mmoja, na programu ikamwambia aliyechelewa kwamba taarifa hii inatumika na mtu mwingine. Fundi alipaza sauti ujiani, "Toka kwa huyo bibi, nataka kumwandika." Mpimaji alijibu kwamba anatoka sasa hivi. Fundi hakusikia, akapaza tena. Ikabidi Mpimaji ainuke aende mpaka kule, asimame kulia kwake, amwambie. Bi Vitufe angeweza kuurekebisha usumbufu huo kwa mistari michache tu. Aliuacha kwanza.

Kinyozi aliitwa, akaja na magongo yake na uso wa kungoja kuona. Alipimwa upya, safari hii Fundi akiwapo, amepiga magoti sakafuni na dada yake, kila mmoja ameshika upande mmoja wa futi. Mguu ulipokuwa tayari kinyozi aliutembeza kati ya vyuma, akageuka mbele ya kioo, akaruka kidogo, akasema yeye hawezi kusema kitu mpaka anyoe vichwa vya Jumamosi nzima. Jumatatu alirudi. Kigutu hakikuwa na wekundu wowote. Alikuwa na malalamiko marefu kuhusu kiatu, kwamba kinalia anapotembea na wateja wanageuza vichwa wembe ukiwa shingoni, na wote wawili waliyasikiliza malalamiko hayo kwa furaha kubwa.

Kumpeleka Fundi kwa daktari wa masikio kulikuwa kazi nyingine. "Mimi nivae kitu bandia?" aliuliza, akiwa amesimama katikati ya rafu zake za miguu. Mpimaji alizitazama rafu moja moja, kuanzia juu, mpaka kaka yake akaenda kuchukua koti. Daktari alisema la kushoto halina tena cha kuokolewa, la kulia litasaidika. Akapewa kidude kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio, na onyo kwamba mashine ile asiiwashe tena bila kufunika masikio. Kwa siku kadhaa alilalamika kuhusu kila kitu: sahani, viti, viatu vyake mwenyewe, na jirani ambaye kumbe huimba.

Jumapili mchana Bi Vitufe aliandaa meza. Tangu waoane alikuwa akikaa kushoto kwa mumewe, karibu na mlango wa jikoni. Siku hiyo alichukua kiti chake akakipeleka upande wa kulia.

"Mbona umehama?" aliuliza Fundi.

"Huku ndiko unakosikia."

Fundi alitafuna kwanza. "Na kule ulikuwa unaniambia nini siku zote hizo?"

"Mengi. Mengine yameshapitwa na wakati."

"Na ambayo hayajapitwa?"

Bi Vitufe alijitilia maji, akanywa. Alianza na bomba la jikoni, ambalo lilikuwa linavuja tangu mvua za mwaka juzi, kisha akaendelea.